Bibi Alitaka Kusali, Sisi Tukawa Tunamwombea

Klipu iliyonilipa vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza ni ya sekunde 48, na nimeifuta kila mahali nilipoweza kuifikia. Wengine wenu mliiona. Mzungu amepiga magoti, ameshika mkono wa bibi mzee, macho kayafumba, jua linapenya kwenye makuti, na chini chini kuna piano niliyoiweka mimi mwenyewe. Watu walilia. Mimi nikahesabu watazamaji.

Leo nataka kuwaambia kilichokuwa nje ya zile sekunde 48, halafu nitoe maoni yangu. Si lazima ukubaliane nami, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mwaka juzi nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, nina simu nzuri na Kiingereza cha kutosha. Kikundi cha wauguzi wa kujitolea kutoka Ulaya kilikuwa kimepanga nyumba Diani kwa wiki sita, na kilitaka mtu wa kazi mbili: kutafsiri na kupiga video. Kila asubuhi tunapanda gari, tunaacha hoteli nyuma, tunashika barabara ya Lunga Lunga mpaka vijiji vya ndani kule Msambweni, kuwaona wagonjwa "waliorudishwa nyumbani". Kama wewe ni wa huku kwetu, hilo neno halihitaji maelezo.

Mmoja wao nitamwita Bibi tu. Saratani ya titi, na kidonda kilikuwa kimeshafunguka. Aliyekuwa akimhudumia nitamwita Sista, manake kijiji kizima kilimwita hivyo. Alikuwa Mkristo wa kweli, yule wa kusali kabla ya kula hata ndizi moja. Alikuja kwa likizo yake na nauli yake mwenyewe. Kwa hivyo msinisome kama mtu aliyekuja kutukana wazungu. Yule dada alifanya kazi ambayo wajukuu wa Bibi, wa rika langu, walikuwa wakiikimbia kwa sababu ya harufu.

Siku ya kwanza alisafisha kidonda, akapiga magoti, akaniambia nimuulize Bibi kama angependa kuombewa. Nikauliza. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Haya."

Sista akaomba kwa jina la Yesu. Mimi natafsiri huku simu iko mkono wa pili. Kila alipotaja Yesu, mimi niliweka "Mwenyezi Mungu" na kuendelea. Nilijiona mjanja sana, nimeokoa hali. Kumbe nilikuwa nawadanganya wote wawili kwa wakati mmoja.

Tulipokuwa tunatoka, Bibi akanivuta shati. "Mwanangu, mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Jina la Nabii Isa nalijua hata kwa lugha yao. Mwambie ahsante, aniombee huko kwake kimyakimya, sina ubaya. Lakini siku ya kusaliwa itakuja yenyewe. Mimi saa hii nataka kusali."

Nikamuuliza kwani nini kinamzuia. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mpumbavu. Alikuwa na wiki tatu hajasali, kwa sababu ya usaha, damu na ile harufu. Alijiona ni najisi. Alikuwa analala pale akisikia adhana mara tano kwa siku na kugeuza uso ukutani.

Wallahi, sikumwambia Sista siku ile. Niliogopa ataudhika na mimi nikose pesa zangu. Nilimwambia kesho yake ndani ya gari, na nikategemea atajitetea. Alikaa kimya kutoka Ukunda mpaka karibu na Gazi. Halafu akauliza swali ambalo naona lilikuwa la maana kuliko maombi yake yote ya jana: "Anahitaji nini ili aweze kusali?"

Nilimpigia simu ustadh aliyenifundisha madrasa. Akacheka kwa huzuni, akasema dini haikumfungia mgonjwa mlango. Asiyeweza kutumia maji hutayamamu kwa udongo safi. Asiyeweza kusimama husali akiwa amekaa, asiyeweza kukaa husali amelala, na asiyeweza hata hilo huashiria kwa macho. Uchafu usiokatika, mtu husafishwa kadri inavyowezekana, akatawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali hivyo hivyo. (Wewe kama una mgonjwa nyumbani, muulize sheikh wako, usinichukue mimi kuwa mufti.)

Sista naye alikuwa na yake. Vile vidonge vya metronidazo, vile vile tunavyomeza tumbo likichafuka, alivisaga unga na kunyunyizia kwenye kidonda. Vinaua bakteria wanaoleta harufu. Akaweka pamba nene juu yake. Kisha akabadilisha ratiba: badala ya kufika saa tatu asubuhi, akawa anafika saa tano na nusu, ili adhuhuri ikiingia kidonda kiwe kimesafishwa muda si mrefu. Binti wa jirani akaleta sinia la udongo safi.

Bibi akasali adhuhuri amekaa kitandani, amejifunga leso mpya. Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Hiyo sikuirekodi.

Sasa maoni yangu ni haya. Kwenye chumba cha mtu anayekaribia kufa, mgonjwa ndiye mwenye nyumba. Sisi wengine wote ni wageni, hata kama nyumba tuliijenga sisi. Na mgeni huuliza kiti kiko wapi, hajipangii samani.

Tuanze na mgeni wa kwanza, anayetoka ng'ambo kuja kujitolea. Watu wataniambia, "Si Sista aliomba ruhusa? Si Bibi alisema haya?" Ndiyo. Lakini hebu fikiria. Mtu kakuletea dawa ambayo huna pesa ya kununua. Kakusafisha sehemu ambayo mwanao haiwezi. Halafu, mkono wake ukiwa bado juu ya kidonda chako, anakuuliza, "Nikuombee?" Utasema hapana na nini? Ile "haya" ya Bibi haikuwa ruhusa. Ilikuwa adabu. Pwani tunasema haya kwa vitu vingi ambavyo hatuvitaki.

Na huko kwao wenyewe jambo hili halichukuliwi kirahisi. Uingereza, Desemba 2008, muuguzi wa kuzunguka majumbani anayeitwa Caroline Petrie alisimamishwa kazi kwa sababu alimuuliza mgonjwa mzee kama angependa amwombee. Mgonjwa mwenyewe alisema hakuudhika. Nchi nzima ikabishana, na Februari 2009 akaambiwa arudi kazini. Mimi binafsi naona kumsimamisha ilikuwa kuzidisha. Lakini tazama tofauti: kule swali moja tu la maombi lilifika kwenye magazeti. Huku mtu anaweza kushuka uwanja wa ndege, akaingia chumba cha bibi wa Kidigo ambaye hajamjua hata dakika kumi, akamwombea kwa dini nyingine, na tukapiga video tukaiita upendo.

Kuna Mkristo atanijibu, na hoja yake naiheshimu: kama naamini kwa moyo wote kwamba hii ndiyo njia ya uzima, nitanyamazaje mbele ya mtu anayekufa? Si huo ndio ungekuwa ukatili? Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba imani yake haikunyamaza pale mlangoni. Ilikuwa kazini katika ule unga wa vidonge, katika ile ratiba aliyoibadilisha. Bibi aliiona. Siku za mwisho alikuwa akimuuliza mambo ya kwao, mama yake anasali vipi, huko kwao maiti anazikwa siku ya ngapi. Mazungumzo ya dini yalikuja, lakini yaliletwa na Bibi.

Na hii sheria haiwahusu wazungu peke yao. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi mwaka 2021, na ndugu zetu wengi wako kule wakiwalea wazee wa watu. Binamu yangu wa Ukunda, anayevaa hijabu kazini, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko. Aliniambia kuna mzee Mkatoliki ambaye kila usiku alikuwa anamuomba amtafutie rozari yake chini ya mto na amwekee mkononi. Anamwekea. Nikamuuliza, "Na wewe unajisikiaje?" Akasema, "Najisikia muuguzi." Basi.

Hata hapa kwetu, Kwale si Waislamu watupu. Kuna Waduruma wa Kinango, Wakamba wa Shimba Hills, kuna Wakristo, kuna wanaoshika mila za wazee wao. Ukijitolea kwenda kwa mgonjwa wa aina hiyo na tasbihi yako, sheria ni ile ile.

Mgeni wa pili ndiye mgumu zaidi, kwa sababu anadhani ndiye mwenye nyumba. Ni sisi familia.

Bibi alipozidiwa maumivu, ikapendekezwa apewe mofini ya maji, ile ya kunywa. Mwanawe mkubwa akakataa katakata. Na mimi namwelewa, msimcheke. Yeye ni wa huku. Amezika rafiki wa utotoni kwa sababu ya unga. Sote tunajua unga umefanya nini kutoka Likoni mpaka Ukunda. Kila mtaa una jina la kijana. Na ni kweli kwamba heroini hutengenezwa kutoka kwa mofini. Kwa hivyo mtu akimwambia, "Tunataka kumpa mamako mofini," anachosikia ni kwamba mamake aende mbele ya Mola wake akiwa amelewa. Hofu yake kubwa zaidi ilikuwa hii: je, saa ya kukata roho ikifika akawa amelala fofofo, atatamkaje shahada?

Sista alimweleza kitaalamu kabisa. Kwamba dozi huanza ndogo na kupandishwa kufuatana na maumivu. Kwamba hunywewa kila baada ya saa nne kwa saa, bila kungoja mtu apige kelele. Kwamba usingizi wa siku za kwanza mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Kwamba mwenye maumivu ya saratani akipewa kwa kipimo si sawa na kijana anayetafuta kulewa. Yote ni kweli, na yote hayakumsogeza hata inchi moja.

Aliyemsogeza ni imamu wa msikiti wao. Alikuja jioni, akakaa kwenye mkeka, akamuuliza swali moja. "Mamako jana usiku alikuwa anatamka nini?" Kijana akasema alikuwa analia tu, hakuna neno. Imamu akasema, "Basi kinachomzuia kutamka ni maumivu. Dawa haijafika bado na tayari hawezi." Akamweleza kuwa cha kulevya kinachotumika kama dawa wakati wa dharura, kwa kipimo cha mganga, si sawa na cha kulewea. Kesho yake kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiangalia saa ya dozi.

Ndiyo maana nasema tusiwaache wauguzi wa kujitolea wapigane vita hii peke yao. Kama kuna mtu wa dini mtaani kwenu, huyo ni nusu ya dawa. Dunia ya tiba inalijua hili zamani. Mwingereza Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa afisa wa ustawi wa jamii, mwisho akasomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, akili, mahusiano na watu, na roho. Ukitibu mwili ukaacha roho, bado anaumia. Na ukishughulika na roho ukaacha mwili unaoza, pia bado anaumia. Bibi alikuwa na pande zote nne kwenye kitanda kimoja.

Na kama unataka mfano wa mgeni aliyejua kukaa, tazama Uganda. Daktari Anne Merriman alizaliwa Liverpool mwaka 1935, aliwahi kuwa mtawa wa Kikatoliki na daktari Nigeria, akafanya kazi Singapore, akapitia hapa kwetu Nairobi Hospice, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Yeye na wenzake walileta mofini ya unga inayochanganywa na maji, rahisi, ya kunywea nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum waweze kuandika mofini, manake ukingoja daktari kijijini mgonjwa atakufa akipiga kelele. Merriman alifariki Uganda mwaka 2025. Hakukaa wiki sita. Alikaa zaidi ya miaka 30, akafundisha wenyeji, akaacha kazi mikononi mwao.

Wiki sita si dhambi. Lakini mtu wa wiki sita ajue kwamba yeye si mwisho wa hadithi, na mwisho wa hadithi ya Bibi Sista hakuwepo. Tiketi yake ilifika kabla. Kutoka Msambweni kwenda Coast Hospice, Mombasa, ni barabara ndefu na feri, na mtu aliyefika hali ile hapandi matatu. Aliyebaki ni yule binti wa jirani wa sinia la udongo. Sista alikuwa amemfundisha kufunga kidonda, kusaga vidonge, kusoma saa ya dozi. Mimi nikaona hilo ndilo jambo bora zaidi ambalo kikundi kizima kilifanya Kwale, na halikuwa kwenye video hata moja.

Kuna kitu kingine familia zetu hufanya. "Msimwambie." Mwana alitukataza kumwambia Bibi kwamba hatapona. Kwa mapenzi, najua. Lakini Bibi alikuwa na mambo yake. Kuna pesa za chama alizokuwa akidaiwa. Kuna dadake ambaye hawakusemezana miaka mingi kwa sababu ya minazi. Deni na wasia kwa Muislamu si mambo ya kuachiwa bahati. Ukimficha mtu kwamba anaondoka, unamnyima nafasi ya kufunga mzigo wake. Na mara nyingi anajua. Bibi alijua kabla yetu. Si ndiye aliyesema siku ya kusaliwa itakuja? Alikuwa anangoja mmoja wetu awe na ujasiri. Mwishowe alimwita mwanawe mwenyewe akamwambia, "Kaniitie dadangu, na daftari la chama ulete." Dadake alifika siku ya pili.

Mgeni wa tatu ni kamera. Ni mimi.

Wiki moja baada ya klipu kusambaa, yule mwana alinipigia. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Aliniuliza, "Ndugu yangu, uliona kwamba mtandio wa mamangu ulikuwa umeteleza?" Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona mwanga, nimeona machozi ya Sista, nimeona mikono. Nywele za mama wa mtu zilikuwa zinazunguka dunia nzima na mimi sikuziona. Tena Bibi alikuwa amekubali kupigwa video kwa ile ile "haya" yake.

Nilifuta. Nikawaandikia wale wa kikundi wafute, wakafuta ya kwao. Lakini nyie mnajua intaneti; kuna mahali bado iko, na sitaweza kuifikia.

Kwa hivyo wenzangu tunaoishi kwa simu: mtu aliyelala kitandani akingojea mauti si kontenti. Kama lazima urekodi kwa ajili ya kuchangisha pesa, rekodi mikono ya anayehudumia, rekodi sinia, rekodi barabara mbovu. Ruhusa iombwe siku ambayo humpi dawa, na iombwe mara mbili. Na wewe unayetafsiri, tafsiri. Kama mtu amesema Yesu, sema Yesu. Kama mgonjwa amesema hataki, sema hataki. Ukilainisha maneno katikati, unawaacha watu wawili wazima wakizungumza na wewe badala ya kuzungumza wao kwa wao.

Na kama una wiki sita za bure, si lazima uzaliwe Ulaya ili ujitolee. Mtaani kwenu kuna nyumba moja ambayo dirisha halifunguliwi sana siku hizi. Nenda. Piga hodi. Sema shikamoo. Uliza angependa nini leo, halafu nyamaza mpaka ajibu.

Bibi alifariki alfajiri, binti wa jirani na dadake wakiwa pembeni yake. Dadake ndiye aliyemlakinia. Nilienda maziko, nikasimama safu ya nyuma na simu nimeiacha kwenye bodaboda, tukamsalia. Baadaye nilimfuata mwanawe nikamuomba radhi. Akaniambia nishike upande mmoja wa jeneza tulirudishe msikitini. Nikashika.